Horror Express (1972): ni kweli filamu nzima ilitungwa kwa sababu ya treni iliyobaki stoo?

#1 Fundi Projekta
Wakuu salaam. Nina hoja, anayepinga apinge kwa ushahidi. Horror Express, ile ya Christopher Lee na Peter Cushing kwenye treni ya Siberia, haikuanza na hadithi. Ilianza na treni. Jamaa walikuwa na behewa la kuigizia limebaki kutoka filamu nyingine, wakaona hasara kuliacha likae vumbini, ndipo wakawaambia waandishi: tuandikieni chochote kile, mradi kitokee ndani ya treni.

Kwa ambao hawajaiona: ni mwaka 1906. Profesa Mwingereza anaitwa Saxton (ndiye Lee) amefukua huko China mabaki ya kiumbe, nusu nyani nusu mtu, yameganda. Anayasafirisha kwenda Ulaya ndani ya kasha lililofungwa minyororo. Treni haijaondoka, mwizi anakutwa amekufa kando ya kasha, macho meupe pe, mboni hazionekani. Safari inaanza, maiti zinaongezeka. Bajeti inayotajwa ni dola 300,000 hivi. Aliyeiongoza ni Mhispania, Eugenio Martín, na ilipigwa Madrid. Siberia hawakuisogelea hata kwa bahati mbaya.

Sasa niambieni, kitu kilichotungwa ili kumaliza mali ya stoo kimewezaje kuishi zaidi ya miaka 50, na ukikiwasha usiku peke yako bado unaangalia mlango?

#2 Dogo Mbagala
Nimewahi siti ya dirishani. Ngoja wajuzi waje.

#3 Shangazi Sinema
Fundi, umesema "filamu nyingine" ukapita haraka, na hapo ndipo penye ugomvi wenyewe. Martín alisimulia kwamba treni ilitoka kwenye Nicholas and Alexandra, ile filamu kubwa ya 1971 ya mfalme wa mwisho wa Urusi. Kwa maelezo yake, wakubwa walipoipata tu treni, wazo la hadithi likafuata. Lakini Bernard Gordon, mtayarishaji, alikuwa na kauli tofauti: kwamba treni ilitengenezwa kwa ajili ya Pancho Villa, filamu ambayo Martín huyo huyo aliiongoza na Telly Savalas akacheza Villa. Sasa uamini nani? Mmoja alikuwa nyuma ya kamera, mwingine ndiye aliyesaini hundi.

Mimi namwamini wa hundi.

#4 Kiguu na Njia
Shangazi, kwani lazima mmoja awe mwongo? Kuna treni mbili kwenye filamu ile. Kuna ile ndogo ya mfano inayopita kwenye theluji na kudondoka bondeni mwishoni, halafu kuna behewa la ndani ambamo watu wanatembea na kufa. Moja inaweza kuwa ilitoka huku na nyingine kule. Pancho Villa inaishia kwa treni mbili kugongana uso kwa uso, kwa hiyo mifano ya treni haikukosekana pale studio.

Na hoja ya Fundi bado dhaifu. Filamu nyingi zimetumia mali ya filamu nyingine na hakuna anayezikumbuka. Treni ya bure haielezi kwa nini inatisha.

#5 Shangazi Sinema
Kiguu, usiidharau hiyo treni ya bure. Inavyosimuliwa, behewa la ndani lilikuwa moja tu. Walikuwa wanapiga matukio yote ya behewa la chakula, wakimaliza wanalivua samani na mapazia, wanaligeuza behewa la mizigo, wanapiga yote ya mizigo, kisha vyumba vya kulala. Ukilijua hilo ukaangalia tena, utaona ukumbi ni ule ule, upana ule ule, madirisha yale yale. Sasa jiulize mtazamaji asiyejua anahisi nini: watu wanakimbia kutoka behewa hadi behewa na hawafiki popote. Umaskini wa bajeti umegeuka kuwa hofu bila mtu kupanga.

#6 Gadi Mstaafu
Hamjambo vijana. Mjukuu kaniwekea hiyo filamu nikaitazama kwa jicho la kazi yangu ya zamani. Nina malalamiko.

La kwanza, mwaka 1906 hapakuwa na treni moja ya kukutoa China hadi Moscow umekaa kwenye kitanda kile kile. Reli za China zina upana wa milimita 1,435, za Warusi wakati ule 1,524. Mrusi alishapitisha njia yake Manchuria kupitia Harbin, lakini ukitokea upande wa Wachina lazima ushuke, uhamishe na mizigo. Sisi tunayajua haya. Reli yetu ya kati ya zamani ni milimita 1,000, TAZARA ni 1,067, na ndiyo maana pale Kidatu mzigo unahamishwa kutoka behewa hadi behewa. Kwa hiyo lile kasha lingeshushwa mpakani na makuli wangelifungua mapema.

La pili, mwishoni wale wazungu wawili wanakata behewa la nyuma treni ikiwa mwendoni. Treni inavuta, kiungo kimekaza, utakifunguaje kwa mikono? Na hata ukifaulu, mpira wa breki ukikatika breki zinashika zenyewe pande zote mbili, mbele na nyuma. Breki za namna hiyo zilikuwepo kabla ya 1906. Kwa hiyo ile sehemu ya mbele isingefika bondeni. Ingesimama.

#7 Dogo Mbagala
Shikamoo mzee. Kiumbe kimetoka sayari nyingine, kinanyonya ubongo wa watu kwa macho, maiti zinafufuka na mapanga ya Makosaki (wale askari wapanda farasi wa Urusi) mkononi, wewe umekwama kwenye mpira wa breki 😂😂

#8 Gadi Mstaafu
Marahaba. Kiumbe sikukisomea. Breki nilizisomea.

#9 Msomaji wa Gizani
Mzee umetisha. Naomba niulize, 1906 si ilikuwa mara tu baada ya vita ya Mrusi na Mjapani? Njia ile ingekuwa inapitika?

#10 Gadi Mstaafu
Vita iliisha 1905. Kwenye mapatano Mjapani akachukua kipande cha kusini cha reli ya Manchuria, hadi Changchun. Kwa hiyo msafiri angepita kwa Mchina, kwa Mjapani, halafu kwa Mrusi. Kwenye filamu kote huko hakuna hata anayekaguliwa tiketi.

#11 Mwalimu wa Zamu
Nije kwenye hoja ya mleta uzi. Kinachotisha pale ni macho, treni inasaidia tu. Na macho yale yana sayansi nyuma yake, ingawa imepindishwa.

Wanapasua jicho la kile kiumbe, wanachukua maji yake, wanayaweka chini ya hadubini, wanaona picha: wanyama wa kale waliokwisha kutoweka, kisha dunia ikionekana kutoka angani. Waandishi hawakulitoa hewani. Mwaka 1876 Mjerumani Franz Boll aligundua kwamba nyuma ya jicho kuna rangi inayofifia ikipigwa na mwanga. Mwenzake Wilhelm Kühne wa Heidelberg akaenda mbele zaidi: akamweka sungura gizani, akamfunua akitazama dirisha lenye nondo, akamchinja, akalitia jicho dawa. Kwenye ngozi ya ndani ya jicho ilibaki alama ya dirisha, nondo zikionekana. Mwaka 1880 akajaribu kwa jicho la mtu aliyenyongwa kisheria kule Bruchsal...

#12 Kiguu na Njia
Aliyekatwa kichwa, mwalimu. Bruchsal walitumia mashine ya kukatia vichwa.

#13 Mwalimu wa Zamu
Kiguu leo umeamka na rula. Aliyekatwa kichwa, sawa. Alichokiona Kühne kwenye lile jicho kilikuwa alama isiyoeleweka, akachora tu umbo lake. Lakini magazeti yakalivuta jambo hilo, na kwa miaka mingi watu waliamini kwamba jicho la maiti linamtunza muuaji wake. Kwa profesa wa mwaka 1906 kushawishika na jambo lile ni sahihi kabisa kwa wakati wake. Ile picha ya dunia kutoka angani ndiyo ya wakati wa waandishi, maana Apollo 8 walishaipiga dunia kutoka mwezini mwaka 1968 na ulimwengu mzima ukaiona.

Na hilo la "kiungo kilichopotea" kati ya nyani na mtu, wakati ule akili za wataalamu zilikuwa Asia. Dubois alishapata mabaki Java mwaka 1891. Kuangalia Afrika kwa uzito kulikuja baadaye. Fuvu letu la Olduvai Mary Leakey alilipata 1959.

#14 Dogo Mbagala
Mwalimu kila uzi lazima upite Olduvai. Hata wa mapishi.

#15 Shangazi Sinema
Mwalimu kasema vizuri ila kaacha kipande kitamu kuliko vyote. Kile kiumbe kinaua ili kusoma. Maiti zikipasuliwa ubongo unakutwa laini, mikunjo imefutika, kumbukumbu zote zimenyonywa. Na kila anayekufa anakiachia ufundi wake.

Angalieni mfululizo. Wa kwanza ni mwizi pale kituoni, aliyekuja kulichokonoa kasha. Halafu ndani ya treni mkono wenye manyoya unatoka kwenye upenyo wa kasha, unapapasa, unaokota msumari, unaukunja, unaufungua nao ufuli. Nyani wa kale amejulia wapi ufuli? Kwa mwizi! Filamu haikuelezi, inakuonyesha vile vidole vikiukunja msumari taratibu, basi. Baadaye anakufa mwanamke jasusi, kiumbe kinapata ujasusi. Halafu kuna mhandisi, Yevtushenko, anayejua habari za Tsiolkovsky, yule Mrusi aliyeandika mwaka 1903 namna roketi inavyoweza kutoka nje ya dunia. Kiumbe kikimsikia tu, mhandisi hana usiku mwingine. Kwa nini? Kinataka kurudi kwao.

Ndiyo maana treni ilifaa. Ingekuwa kijijini kingepata mkulima mmoja na mchungaji mmoja. Treni ya masafa ina kila kichwa: mwizi, mwanasayansi, askari, mtawa, mhandisi, mke wa tajiri. Sasa kama treni iliokotwa stoo au la, aliyeandika aliijua thamani yake.

#16 Fundi Projekta
Shangazi hapo umeniweza, ingawa hujaivunja hoja yangu. Nimesema treni ilitangulia. Hukusema haikutangulia.

#17 Mpemba wa Muscat
Assalaam alaykum jamaa. Mie niko Muscat huku, filamu nnayo zamani. Mnazunguka tu, mmemwacha yule mtawa. Yeye ndiye filamu.

Pale kituoni anachukua chaki, anataka kuchora msalaba juu ya kasha. Chaki haishiki. Anachora sakafuni, inashika. Anarudi kwenye kasha, hamna kitu. Anawaambia watu kwamba mahala alipo Mungu msalaba hupata nafasi, na humu ndani haumo. Profesa anamwambia hicho kiini macho tu. Mtazamaji ushapewa mizani miwili tangu mwanzo na mpaka mwisho hakuna anayekuja kukwambia upi ulikuwa sawa. Maana baadae kiumbe kinaelezwa kisayansi, kimetoka kwengine, kiliachwa duniani na wenzake, kimeishi ndani ya vijidudu na samaki mpaka kikafika kwa huyo nyani-mtu. Haya, sasa chaki ilikataa kwa sababu gani?

Na yule mtawa aliyemjua shetani kabla ya wote ndie anaekwenda kumpigia magoti. Kiumbe chenyewe kinamdharau, kinamwambia kichwani mwake hamna cha kuchukuliwa. Hapo nilicheka, kisha nikaona khofu.

#18 Msomaji wa Gizani
Yule mtawa ni Rasputin kabisa, yule Mrusi aliyejiita mtu wa Mungu hadi ndani ya kasri la mfalme. Ndevu, nywele, macho, anakaa kwa matajiri anawatisha.

#19 Shangazi Sinema
Bila shaka walimlenga. Rasputin alikutana na mfalme wa Urusi mara ya kwanza 1905, kwa hiyo 1906 inakaa sawa. Na utamu ni kwamba Lee mwenyewe alimcheza Rasputin mwaka 1966. Hapa akawekwa upande wa sayansi, utawa akapewa Alberto de Mendoza, Muajentina, ambaye kwa maoni yangu amewafunika wote kasoro Cushing.

Kuhusu chaki, Mpemba, mimi nasema baridi. Kasha lilikuwa limebeba kitu kilichoganda, mbao zimelowa. Chaki haishiki kwenye mbao mbichi.

#20 Mpemba wa Muscat
Shangazi, mbao zimelowa mwizi akafa macho meupe? Basi na mwizi kafa kwa mafua.

#21 Kiguu na Njia
Hapa nakubaliana na Mpemba, na sikubaliani naye. Chaki waliiweka kwa sababu inatisha. Waandishi hawakuirudia kwa sababu walisahau au hawakujali. Tusifanye kila kilichosahauliwa kiwe fumbo.

Halafu hadithi yenyewe si mpya. Kiumbe kwenye barafu, kinaamka, kinajificha ndani ya watu waliofungiwa mahali pamoja, hakuna anayejua nani ni nani: John W. Campbell aliiandika mwaka 1938, kambi ya wanasayansi huko ncha ya kusini. Ikatolewa filamu 1951, ikarudiwa 1982. Hawa wa Madrid walichofanya ni kuihamishia kwenye reli.

#22 Shangazi Sinema
Ya Campbell inaiga mwili. Hii inachukua kumbukumbu na kuhama kwa macho. Ya 1951 wala haikuiga mtu, ilikuwa dude kubwa linapiga watu. Ufanano upo, lakini "kuihamishia tu" ni maneno ya mtu aliyesoma muhtasari.

#23 Reli Kongwe
Mnaongea ya kutunga wakati sisi tunayo ya kweli. Wale simba wa Tsavo waliingia behewani wakamtoa mzungu kitandani. Hiyo ndiyo horror express.

#24 Ke Athi
Hapo mmechanganya watu wa Bongo, wacha niwapange. Simba wa Tsavo ni 1898, walikuwa wakiwachukua wafanyakazi wa reli kwenye mahema wakati daraja linajengwa, na baadaye ngozi na mafuvu yao yakauzwa kwa jumba la makumbusho la Chicago, ndiyo yako huko hadi leo. Hiyo ya behewa ni simba mwingine kabisa, wa Kima, 1900. Bwana anaitwa Ryall, mkuu wa polisi wa reli, alikuja kumwinda. Behewa lake likawekwa kando pale stesheni, ndani wako yeye na wenzake wawili, Mjerumani na Mwitaliano. Zamu ya kulinda ilikuwa ya Ryall, akashikwa na usingizi. Simba akapanda, mlango ulikuwa wa kusukuma pembeni, behewa likainama kwa uzito wake na mlango ukajifunga nyuma yake. Sasa mko gizani, watu watatu na simba, mlango umefungwa. Mwitaliano alikuwa amelala chini, simba alimkanyaga akipita kumfuata Ryall. Akatoka naye kwa dirisha.

Lile behewa lipo hadi leo Nairobi, makumbusho ya reli. Ukiliona utashangaa udogo wake.

#25 Dogo Mbagala
Ati mlango ukajifunga nyuma yake 😳 Hiyo hata Lee na Cushing wangeshuka wakatembea kwa miguu.

#26 Reli Kongwe
Tsavo, Kima, reli ni ile ile na simba ni wale wale. Wakenya mnapenda mipaka.

#27 Gadi Mstaafu
Hilo la mlango naliamini bila kuuliza. Behewa likiwekwa kwenye njia ya pembeni ambayo haijasawazishwa, mlango wa kusukuma unatembea wenyewe. Usiku wa kazi ilikuwa kawaida: uko kwenye behewa la gadi nyuma kabisa, taa moja ya mafuta, mlango unafunguka polepole, unanyanyua macho hakuna mtu. Ni mteremko tu. Lakini hadi ujiambie ni mteremko, moyo umeshakwenda na kurudi. Safari moja tulikuwa na jeneza kwenye mizigo, wenyewe wako daraja la tatu huko mbele, basi kila mlango ulipogonga mwenzangu alikuwa ananiambia "nenda wewe".

#28 Fundi Projekta
Mzee asante. Hicho kisa ni filamu tosha.

Turudi. Kuna jambo la Cushing halijaguswa. Mkewe Helen alikuwa amefariki Januari 1971. Alipofika Madrid alimwambia Gordon hawezi, anataka kurudi nyumbani. Aliyemtuliza ni Lee, kwa kukaa naye na kumkumbusha kazi zao za nyuma, hadi akabaki. Hawa wawili tangu 1958 wamezoeleka kuwindana, huyu Dracula, yule mwindaji. Hapa wako upande mmoja, wanataniana, wanagombea chumba. Kuna pale mkaguzi wa polisi anawaambia, itakuwaje mmoja wenu akiwa ndiye dude? Cushing anajibu kwa kushangaa kabisa: dude? Sisi ni Waingereza! Ukijua alivyokuwa ameumia ndani, ile kejeli ina uzito.

#29 Mwalimu wa Zamu
Na kuna kitu mnakisahau, sauti. Walipiga bila kurekodi sauti, ikaingizwa baadaye studio, ndivyo Wahispania na Waitaliano walivyokuwa wakifanya. Nyota wale wakubwa kwenye nakala ya Kiingereza waliingiza sauti zao wenyewe, wengine wakapewa za watu. Ndiyo maana ukisikiliza, watu wanaongea karibu na sikio lako wakati wako mbali, na chini yao treni inanguruma bila kupumzika. Halafu ule mluzi wa John Cacavas kwenye muziki. Filamu ikiisha utajikuta unaupiga jikoni.

#30 Mzizi wa Fitina
Nimesoma wote, hakuna aliyegusa siasa. Gordon alipigwa marufuku Hollywood enzi za kuwinda wakomunisti. Waandishi wawili, Arnaud d'Usseau na Julian Zimet, nao vivyo hivyo. Zimet hata kwenye filamu ameandikwa Julian Halevy. Watu waliofukuzwa kwao wakaenda kufanya kazi Hispania, tena chini ya Franco, dikteta aliyewachukia wakomunisti, hilo peke yake ni kichekesho.

Sasa angalieni walichoandika. Adui yuko ndani ya mtu wa kawaida. Kila mtu anamtazama mwenzake machoni kama ni yeye. Mkaguzi wa polisi, anayewahoji wote, ndiye mwenyewe. Na kapteni katili wa Makosaki anayepanda katikati ya safari, anachapa watu bila kuuliza, jina lake nani? KAZAN. Elia Kazan ndiye mwongozaji aliyekwenda mbele ya kamati ya bunge la Marekani mwaka 1952 akataja majina ya wenzake. Na mwaka 1999 Kazan alipopewa Oscar ya heshima, Gordon alikuwa mmoja wa vinara wa kupinga. Nimemaliza, nasubiri mawe.

#31 Kiguu na Njia
Jiwe la kwanza: Kazan ni mji wa Urusi. Mwandishi anayetafuta jina la Kirusi haraka haraka atalipata kwenye ramani. Jiwe la pili: angetaka kumtukana angempa nafasi ya msaliti, siyo ya mbabe anayekufa jasiri. Savalas, aliyemcheza huyo kapteni, ndiye mwenye kuchekesha na watazamaji wanampenda.

#32 Mzizi wa Fitina
Miji yote ya Urusi, waliofukuzwa watatu, wakaangukia huo? Haya.

#33 Shangazi Sinema
Mimi hapa sina upande, ila naongeza kuni. Hispania ya Franco ilikuwa na wakaguzi wake wa filamu. Watisha watu wa Kihispania hawakupendwa na wakaguzi, majini yalitakiwa yawe ya wageni. Mwaka 1968 Paul Naschy alipotaka kufanya mtu-mbwamwitu, ilibidi awe Mpolandi, ndipo akazaliwa Waldemar Daninsky. Sasa kwenye treni yetu mtawa Mrusi, tajiri Mpolandi, wazee Waingereza, dude la angani. Mhispania hata mmoja hamna, wakati nyuma ya hayo majina nusu ya waigizaji ni Wahispania. Kwa hiyo inawezekana Siberia ilichaguliwa na mkaguzi kabla hata ya treni.

#34 Fundi Projekta
Yaani sasa tuna treni ya mfalme, treni ya Pancho Villa, hadithi ya Campbell, kisasi cha Hollywood na kalamu ya mkaguzi. Kila mtu kaja na kichwa chake cha treni, behewa ni moja.

#35 Dogo Mbagala
Nimeiangalia hatimaye. Nakala niliyopata nyeusi kama lami, nusu ya filamu nilikuwa nasikiliza tu. Hivi zote ziko hivyo? Na Kojak, yule Savalas wa kwenye TV mwenye upara, kumbe aliwahi kuwa na kofia.

#36 Shangazi Sinema
Dogo, kule Marekani filamu hii ilihesabika kama mali isiyo na mwenyewe, kila mwenye mashine akaidurufu na kuiuza bei chee. Hizo ndizo zimejaa mtandaoni. Tafuta iliyosafishwa kutoka filamu yenyewe, utaona rangi, hasa ule wekundu wa macho gizani. Nakala mbovu ndizo zilizoifanya ijulikane, lakini zimeiharibia sifa pia, watu wanadhani ilipigwa vibaya.

#37 Ke Athi
Enyewe mimi niliiona kwa nakala ya hivyo, video ya mtaa, mtangazaji anaongea juu yake anawapa wote majina ya Kikikuyu. Ilikuwa inatisha mara mbili.

#38 Dogo Mbagala
Swali la mwisho wazee wangu. Kile kiumbe kimekufa au hakijafa? Treni inaelekezwa kwenye reli inayoishia bondeni, telegramu imetumwa, wale wa stesheni wanabadilisha njia wakidhani labda vita imeanza. Mabehewa yanadondoka na kuwaka moto. Lakini dude lilikaa kwenye barafu miaka milioni mbili likatoka zima.

#39 Mwalimu wa Zamu
Barafu inahifadhi, moto unaunguza. Kimekufa.

#40 Mpemba wa Muscat
Mwalimu, kinahama kwa macho. Waliobaki kwenye behewa la mwisho nani aliwapima macho yao asubuhi?

#41 Mzizi wa Fitina
Mpemba kafungua uzi mwingine. Yule mke wa tajiri alikuwa karibu kuliko wote na mtawa, na ndiye kiumbe kilimpanda mwishoni.

#42 Kiguu na Njia
Alikuwa karibu na mtawa KABLA hajapandwa. Rudini mkaangalie mpangilio wa matukio, msitusi mama wa watu.

#43 Gadi Mstaafu
Mimi bado nasubiri aniambie mtu nani alifunga breki ya mkono kwenye hilo behewa la mwisho, maana limesimama ukingoni kabisa na sijaona aliyeigusa.